Mondo na Karani

Asubuhi ya sakitu, huku Matamba,
majani ya viazi yameungua kama yaliyomwagiwa maji ya moto,
nikamwona mondo kwenye tuta la mwisho,
pale shamba linapoacha kuwa langu.

Alisimama kwa miguu ya kuazima,
mirefu mno kwa kichwa kile kidogo,
masikio wima kama mikono ya mtoto
anayelijua jibu darasani.
Hakunitazama. Alikuwa anaisikiliza ardhi.
Chini kule fuko alikuwa anachimba chakula changu,
na mondo akamngoja, hata mvuke wa pumzi yake ukanyamaza.
Kisha akaruka,
juu, juu kuliko ilivyohitajika,
akatua.
Basi.

Nyumbani Karani amelala juu ya gunia la pareto.
Nilimpa jina hilo kwa ajili ya shati jeupe kifuani
na usingizi wa saa za kazi.
Madoa anayo mawili tu, yote ya masizi.
Mkia wake mrefu, wa kuulizia maziwa;
wa mondo mfupi, una pete nyeusi, hauombi kitu.
Karani hulia mlango ukifungwa, hulia ukifunguliwa.
Mondo sijapata kumsikia.

Vifaranga vilipopungua kwa Luvanda
hakuna aliyeuliza swali la pili.
"Mondo," akasema, akasokota waya,
akautega penye tundu la banda.
Nami nilisema mondo.
Nilisema kwa sauti, Karani akiwa mapajani mwangu
anajilamba kidole kimoja kimoja.

Usiku wa tatu mtego ukalia kwa sauti niliyoijua.
Tukaenda na tochi, mimi, Luvanda na Ezelina wake.
Shati jeupe lilikuwa na damu,
nusu yake mwenyewe, nusu ya kifaranga.
Unyoya wa njano umemganda kwenye sharubu.
Wanasema mtego wa panya hunasa hata wasiokuwemo.
Huyu alikuwemo.
Ezelina akacheka, akalia,
halafu yeye ndiye aliyeushika waya tukaukata.
Luvanda hakuniambia neno mpaka Jumapili.

Sasa Karani anatembea kwa miguu mitatu na kisingizio.
Jioni hukaa dirishani, ukungu ukishuka kutoka Kitulo,
na masikio yake madogo, yote mawili,
hugeukia tuta la mwisho.
Sijui anasikia nini.
Nimemwekea maziwa.
Yameanza kufanya utando.