Toleo la Tisa

Ofisi yetu iko Sololaki, mtaa wa nyuma,
na sakafu hutetemeka kila Vazha akigonga kisigino.
Yeye chini anashona jozi za viatu;
mimi juu nahangaika na jozi za Bwana Anzori,
jozi mbichi, zilizopikwa kwa sukari hadi zikaiva nyeusi tii,
zikatiwa chupani, zikakosa sura.
"Zipe sura," aliniambia Machi.
Sasa ni Juni.

Faili la kwanza nililiita LEBO.
La pili, LEBO MPYA. La tano, LEBO YA MWISHO.
La saba, YA MWISHO KWELI.
La nane sikulipa jina, nililipa tarehe tu,
kama kaburi la mtu asiyejulikana.

Watu hudhani kazi hii ni kungoja.
Kwamba wazo litabisha hodi nawe una chai mkononi,
uliambie karibu.
Nimelingoja. Aliyebisha ni mtu wa umeme.

Leo asubuhi nimesogeza herufi moja nusu milimita kulia,
nikairudisha.
Nimekula mkate wa jana.
Nimemjibu mwenye duka la dawa anayetaka kijani
"kinachotabasamu."
Nimemwuliza Lamara, tunayegawana kodi na feni,
kama njano hii ni ya limau au ya homa.
"Ya homa," akasema, bila kugeuka.

Herufi zetu hazina wakubwa wala wadogo.
Zinajikunja tu, kama vikonyo vya mzabibu
vinavyopapasa waya.
Chuoni niliamini uzuri wao utanibeba.
Siku hizi najua: herufi nzuri kwenye lebo mbaya
ni bibi harusi kwenye foleni ya benki.

Saa tisa Bwana Anzori akapanda ngazi akihema,
mkononi toleo la nane nililomchapia juzi.
"Si mbaya," akasema
(neno hilo ni kisu kilichovishwa soksi),
"ila haisemi kitu. Mama yangu angepita dukani asigeuke."
Akaweka karatasi mezani, akaomba maji,
akaondoka kabla sijapata la kujitetea.

Na pale pembeni, juu ya kazi yangu ya wiki nne,
alikuwa ameacha dole gumba.
Jeusi.
Huu ndio msimu wa kumenya jozi mbichi;
utomvu wake hautoki kwa sabuni wala kwa ndimu,
mtu hutembea nao hadi Agosti, hata kanisani.
Mistari yote ilikuwepo, mzunguko ndani ya mzunguko,
na kovu limekata katikati, kazi ya kisu cha kumenyea.
Ungeapa ni jozi iliyopasuliwa.
Nililitazama mpaka chai ikapoa.
"Lamara," nikasema, "njoo uone. Mteja ametuchorea."

Sikubuni kitu, naungama.
Niliipitisha karatasi kwenye skana, nikafuta doa la maji,
nikaukoza weusi, nikaliacha dole peke yake katikati ya weupe,
jina lake chini, dogo,
kama mtu anayeongea na jirani ukutani.
Dakika kumi na moja.
Miezi mitatu na dakika kumi na moja.
Ankara ya hivyo huandikwaje?

Jumatatu aliitazama muda mrefu.
Akasogeza miwani. Akainua mkono,
akakipima kidole chake na karatasi.
Chini, nyundo ya Vazha ilikuwa imenyamaza.
"Hiki," akasema, "ni cha mama yangu.
Kovu tu ndilo langu."

Akanywa maji yote. Akapangusa mdomo.
"Lakini hili jina," akasema,
"haliwezi kuwa kubwa kidogo?"

Nikavuta kiti.
Nikafungua toleo la kumi.