Jaribu Tena

Mashine ya getini ilinikana kabla ya watu.
Kiwanda cha samaki, Igogo, saa kumi na mbili kasoro,
niliweka dole gumba kwenye kioo chake chekundu:
Jaribu tena.
Nikalifuta kwenye kanga. Jaribu tena.
Bujiku mlinzi akasema, labda una mafuta ya sangara.
Sikuwa na mafuta. Sikuwa na mistari.
Ngozi ilikuwa imejivuta, imelainika kama kokoto la ufukweni,
na mimi, Nkwimba wa Lushinge,
nilikuwa sisomeki mkononi mwangu mwenyewe.

Baridi ndiyo iliyotangulia, miaka miwili nyuma.
Kwenye mapipa ya barafu vidole viligeuka chaki,
kisha buluu, kisha vyekundu vikiwaka.
Wenzangu wakasema, Nkwimba kapandisha bendera.
Nikacheka nao. Kicheko bado kilienea mdomoni.

Halafu pete ikagoma kutoka.
Halafu kijiko kikawa kikubwa.
Mama mkwe akasema huo ni mkono wa mtu.
Jirani akasema, kwa sauti ya chini, ukoma,
akanitengea kikombe changu peke yangu, cha bati, chenye kutu.
Kwa mganga kule Magu niliacha mbuzi
nikarudi na chale tatu zilizokataa kufunga.

Hospitali ya mlimani niliipanda nikipumzika mara nne.
Mara nne! Mimi niliyekuwa nikibeba kreti mbili.
Daktari Kokushubira, wa viungo, huja Alhamisi.
Hakuniuliza nina ugomvi na nani.
Alivishika vidole kimoja kimoja,
akadondosha tone la mafuta penye shina la kucha,
akachungulia kwa kilenzi: "Vimishipa vimepotea njia hapa."
Akajaribu kuifinya ngozi ya mkono. Haikufinyika.
"Skleroderma," akasema.
"Mwili unajishona wenyewe
na haujui pa kukatia uzi.
Hauambukizi. Nywea kikombe chochote."

Nililia hapo. Si kwa lile jina. Kwa kikombe.

Nitapona?
Akanyamaza. Namshukuru kwa kule kunyamaza.
"Huu hauishi. Huchungwa."

Kuchunga nakujua. Baba alikuwa na ng'ombe Misungwi.
Ng'ombe mkorofi humwachi, wala humuui;
unajua tu, kila jioni, yuko wapi.

Basi najua yuko wapi.
Figoni: kila asubuhi napima presha duka la dawa,
naandika namba nyuma ya daftari la hesabu la Mhoja.
Ikiruka, nisingoje Alhamisi; nikimbie.
Mapafuni: napuliza bombani,
kijana wa vipimo anapiga kelele, puliza, puliza, puliza,
anatazama karatasi. Jaribu tena.
Tumboni: matofali mawili chini ya kitanda, upande wa kichwa,
asidi isipande usiku. Mume wangu huteleza;
alfajiri tunamkuta miguuni, amejikunja kama barua.
Vidoleni: glavu za sufu, Mwanza, jua la utosi.
Vijana wa bodaboda huuliza, mama, ndege yako saa ngapi?
Mdomoni: mbele ya kioo, a, e, i, o, u,
darasa la kwanza, miaka arobaini na moja.

Dawa za mwezi huu nimenunua nusu.
Nimemwambia daktari. Hakufoka;
aliandika barua ya ustawi wa jamii, akasema usiache kimya kimya.

Kuna siku nilitazama yale majabali yanayobebana ziwani
nikafikiri, mji umepata lingine.
Siku hiyo sikutoka kitandani. Ipo, siifichi.

Kiwandani wamenitoa kwenye barafu. Nahesabu maboksi,
kwa mshahara mdogo zaidi, na mkataba unaisha Desemba.
Getini nasaini kwa kalamu.
Leo iliniponyoka mara mbili.
Bujiku aliiangalia pale chini, hakuiokota.
Alingoja,
na foleni yote nyuma yangu ikangoja,
kisha akasema maneno ya ile mashine
kwa sauti ya mtu.