Mara Moja Katika Arobaini

Mara thelathini na tisa ulipita.
Kijani, kijani, kijani,
kama migomba ya Rau baada ya masika.
Ya arobaini ukafeli,
nami nimeshavaa koti, feni nimeshaizima,
Aikaruwa ananisubiri ngazini na funguo.

"Rudia tu," akasema. "Hilo jaribio lina mashetani."
Nikarudia. Ukapita.
Tukaenda zetu.

Sasa niseme lililo langu.
Ni mimi, mwezi wa tatu, niliyeandika kwenye mipangilio:
likifeli, lirudiwe mara tatu.
Ushirika ulitaka hesabu za kahawa kabla ya Pasaka,
nami nilitaka kulala.
Mstari mmoja tu,
na kila anguko lako likapakwa rangi ya majani.

Jumanne usiku nikaufuta mstari ule.
Nikakuendesha mara mia mbili,
mbwa wa Pasua wakijibizana nje ya dirisha.
Umeme ukakatika, nikaanza upya.
Ulianguka mara tano.
Niliziandika saa zake nyuma ya risiti ya LUKU:
saa tatu na dakika nane,
saa nne kasoro robo,
mbili zikifuatana saa sita,
na moja karibu na adhana ya alfajiri.
Nikatafuta mpangilio. Haukuwapo.
Nilishuku saa ya seva.
Nilishuku nyuzi mbili zikigombea mlango mmoja.
Nilishuku joto. Nikamshuku hata Aikaruwa.

Siku za mwizi ni arobaini, husema,
lakini huyu hakuiba kitu.
Alihamisha viti.

Kumbe ndani ya hifadhidata mna mfagiaji.
Hatangazi zamu. Akiona mistari iliyokufa imerundikana
hupita na ufagio wake, kimya,
akaacha mapengo;
na mkulima anayeandikishwa baada yake
haendi mkiani mwa foleni,
hukalishwa pale palipo wazi,
katikati, au mbele ya wote.
Nami nilikuwa nauliza, "Wa kwanza nani?"
bila kusema wa kwanza kwa nini,
kwa namba, kwa jina, au kwa kilo.
Siku nyingi nilijibiwa kwa mazoea.
Mazoea si ahadi.

Ningeweza kuishia hapo:
nikupange wewe, unyamaze, nikalale.
Mkono ulikuwa tayari kwenye kibodi.
Nikafungua programu yenyewe, kwa wasiwasi tu,
nikakuta swali lilelile, limeandikwa na mkono wangu uleule.
Malipo yasipogawanyika sawa,
shilingi zinazobaki apewe wa kwanza kwenye orodha.
Wa kwanza yupi?
Jumatatu ni Ndeshiwonasia wa Kibosho.
Jumanne, kahawa ileile, mizani ileile,
ni Elitumaini wa Uru.
Shilingi tisa. Hazinunui kiberiti.
Lakini daftari la Jumatatu halifanani na la Jumanne,
na Ndeshiwonasia huja ofisini na miwani yake
na kikaratasi alichokunja mara nne,
anasoma mpaka tarakimu ya mwisho,
kisha anauliza.
Aliwahi kuuliza.
Tulimwambia ni kosa la printa.

Maneno matatu: panga kwa namba.
Nikayaweka kwenye programu kwanza, kisha kwako.
Mara elfu moja nikakuendesha.
Nilichemsha chai, ikapoa, nikainywa hivyohivyo.
Hukuanguka.

Kulipokucha Kibo ukajitokeza juu ya mabati,
mweupe, dakika kama kumi,
kisha wingu likaufunika.
Jirani alikuwa anapiga mswaki uani, hakuinua hata kichwa.

Kwenye maelezo ya marekebisho, mahali pa kueleza kosa,
niliandika mengi, nikafuta,
nikabakiza haya:
Jaribio lilikuwa sahihi. Mwongo nilikuwa mimi.
Ndeshiwonasia apigiwe simu.