Hesabu ya Mwanjira

Nimepewa kishikwambi, koti la kijani lisilonienea,
chaki ya kuandika namba milangoni,
na kitongoji nilichozaliwa.
Upande wa kusini, ukishavuka feri,
lami ikikwisha wewe endelea
hadi mnara wa simu na mikorosho isiyo na mwenyewe.
Hapo ndipo Mwanjira.

Nani alitangulia? Inategemea unamuuliza nani.
Kina Mwakutunza watakwambia: sisi, tulichimba kisima.
Kina Mwagambo: kisima mlikikuta, na kamba yake.
Maji yenyewe hayana upande.
Yana chumvi kidogo, basi.

Kisha kikaja kiwanda cha korosho
na king'ora cha saa moja asubuhi.
Wakaja Wakamba, Wataita, Mpemba mmoja na cherehani.
Wanawake walibangua hadi vidole vikapiga weusi
usiotoka kwa sabuni wala ndimu.
Mwaka huo shule iliandikisha watoto mia tatu na kumi,
walimu wanne,
na kengele iliyokuwa ringi ya lori.

Kiwanda kilifungwa siku ya Ijumaa.
Mshahara wa mwisho walilipwa magunia matupu.
Ukafuata mwaka ambao hapa hatuutaji kwa tarakimu,
tunasema tu "wakati ule".
Ndunge, niliyeketi naye dawati moja,
alipandishwa pikapu usiku, na godoro, na kuku wawili.
Asubuhi dawati lilikuwa pana.
Nilitandaza viwiko vyangu, nikaona raha,
na raha ile sijamwambia mtu.

Mlango wa kwanza.
Wangapi walilala hapa usiku wa kuamkia leo?
"Waliolala, au waliopata usingizi?" aniuliza Mejumaa.
Waliolala.
"Watatu. Na mume wangu yuko Dammam, mtie."
Dodoso lina nafasi ya Dammam.
Halina nafasi ya simu isiyolia tangu Mfungo Tano.

Nyumba ya saba imeanguka kiubavu.
Ya nane ni ya popo.
Kwa Chizondo mgema: mmoja, na redio.
Kwenye ukuta mpya wenye vigae vya chupa
nilibisha hadi mbwa wakachoka.
Akatoka bawabu kutoka Kakamega,
hamjui mwenye ua, hajapata kumwona.
Nikamwandika yeye.
Mwanjira imeongezeka mtu.

Shuleni, arobaini na mmoja.
Ringi ni ile ile.

Nyumba ya mwisho niliiacha makusudi.
Mama alikuwa akipepeta mchele.
Nikamsomea kama tulivyofunzwa semina, neno kwa neno:
Nani mkuu wa kaya hii?
"Mimi, tangu babako alipokufa. Ulikuwepo."
Nani mwengine alilala hapa?
Akautazama mkeka, shuka langu nililokunja
kwa adabu ya mtu aliyelazwa kwa watu.
"Wewe ulilala."
Uhusiano na mkuu wa kaya?

Ungo ukasimama.
Miaka kumi na minne nakaa Kongowea,
chumba kimoja, ng'ambo ya maji unayoweza kuyavuka bure,
na huvuka Idi mbili na msiba.

"Andika unavyoona," akasema. "Kalamu unayo wewe."
Kalamu hakuna. Kuna kidole, kuna kioo,
na orodha: mume, mke, mwana, mkwe, mjukuu, mgeni.
Kidole kikaning'inia.
Mchele ukaanza tena kuruka na kurudi,
kuruka na kurudi,
makapi yakienda zake upande wa feri.

Jumla ya Mwanjira: watu mia moja tisini na sita.
Mia moja tisini na watano
nina hakika nao.