Nusu ya Ishirini

Saa kumi na mbili alfajiri, mji wa Huayrapata,
mita elfu nne juu ya bahari ambayo wengi hapa hawajaiona,
Nicanora Colque anavua glavu za sufu, anavaa za mpira,
anawasha taa, anawajulia hali viroboto wa maji.
Ishirini kwa kila kipimo, watano kwa bilauri.
Wadogo kuliko ufuta. Miili yao kioo kitupu,
hata moyo unauona ukidunda mgongoni.

Bilauri za kwanza, maji ya chemchemi.
Za pili, chemchemi na tone la mto.
Za tatu, tone juu ya tone.
Za mwisho ni mto wenyewe,
kama upitavyo chini ya tanuri la kuyeyushia madini,
rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.

Saa arobaini na nane.
Kisha anaitikisa bilauri polepole,
anahesabu hadi kumi na tano.
Anayesogea anaandikwa hai.
Asiyesogea anaandikwa.

Sumu haionjwi, walisema wahenga.
Hawakusema ni nani ataionja kwa niaba yetu.

•

Lugha yangu ina neno moja kwa vitu viwili:
risasi itokayo mtutuni,
na risasi ilalayo katika vumbi la dirisha.
Ya kwanza ina mlio, ina shahidi, ina tundu la kutia kidole.
Ya pili haina haraka.
Hupanda kidole cha mtoto hadi mdomoni,
huufikia mfupa, hubisha hodi kwa sauti ya chokaa,
na mfupa, kwa njaa yake ya kukua,
hufungua.

Haba na haba.
Tuliambiwa hujaza kibaba.
Hatukuambiwa kibaba cha nini.

•

Mchana anaingia Saturnina, theluji ukingoni mwa kofia,
karatasi ya zahanati imekunjwa mara nne.
Mwanawe Wilmer, miaka saba, damu yake ina namba: ishirini na nane.
Mwaka jana aliandika jina lake lote.
Siku hizi anafika kwenye L, anakwama,
analitazama dirisha kana kwamba herufi zimetokea huko.

"Nami nilizaliwa hapa," anasema Saturnina.
"Je, nilimpa mimi? Tumboni?"
Nicanora anajua mfupa wa mama hukopesha mimba
chochote ulichoweka akiba.
Anapanga bilauri ambazo zimekwisha kupangwa.

Anaeleza anachoweza kueleza:
tunatafuta kile kiwango
ambacho katika ishirini, kumi hawasogei.
Kiwango hicho ndicho kinachopelekwa mjini,
ndicho kinachopigwa muhuri,
na watu wenye tai hugawanya kwa mia, au kwa kumi,
kutegemea mwaka, kutegemea bei ya zinki.

"Na wale kumi wengine?"
"Wako hai."
"Wanaogelea kama zamani?"

Nicanora anafungua mdomo. Anainama kwenye lenzi.
Bilauri ya tatu. Mmoja anasogea, naam,
lakini anazunguka,
anazunguka palepale kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.
Fomu ina safu ya hai na safu ya asiyesogea.
Haina safu ya kuzunguka.

Anachukua penseli, si kalamu,
anaandika pembeni, herufi ndogo:
*mmoja amepotea njia.*

•

Jioni Saturnina anafuta dirisha kama alivyoelekezwa:
kitambaa kibichi, juu kwenda chini, usipeperushe.
Wilmer anashika ndoo. Anahesabu mikunjo ya kitambaa,
moja, mbili, nne. Anarudi mwanzo bila kukasirika.
Kitambaa kinageuka kijivu.
Anakikamua mlangoni.
Maji yanauingia mtaro,
na mtaro haujawahi kuikosea njia ya mtoni.