Kwa Uliyelipita Tangazo

Sikujui jina. Ila Jumapili mbili
gazeti la mji wako lilikuwekea kazi yangu mezani,
baina ya gari kuukuu na paka aliyepotea,
nawe ukafunua ukurasa.
Ahsante.

Ndiyo sheria yenu, aliniandikia Bi Lindkwisti,
mwenye nyumba ya wazee, vitanda arubaini:
kwanza aulizwe wa nyumbani,
aambiwe mshahara wote, senti isifichwe,
ndipo mgeni atajwe.
Kombo, mume wangu, alicheka hadi chai ikamwagika.
"Kumbe nao humuuliza kwanza mtoto wa ami!"
Huku Limbani posa ya mbali haisikilizwi
mpaka binamu aseme: simtaki, mwozesheni.
Basi kazi ndiyo mwari, na binamu ni wewe.

Siku zile nilikuombea.
Upate kazi bora kuliko hiyo,
penye kiti cha kuzunguka na dirisha,
mgongo wako usijue uzito wa mtu mzima saa nane za usiku.
Kwenye sijda ya alfajiri nilikutanguliza kabla ya mama yangu.
Sijui kama yafaa. Sikumuuliza mtu.

Kisha karatasi.
Muhuri wa sheha uliishiwa wino katikati ya neno "Wete".
Polisi Madungu walichukua vidole vyangu vyote kumi,
nikaingia navyo zamu ya jioni, vyeusi bado,
na mama mwenye uchungu akaona la kuuliza:
Nesi, umeshika nini?
Fomu ilitaka jina la ukoo.
Mimi ni Salhina wa Shaame wa Faki;
ukoo wangu ni safu ya wanaume waliokwisha kuzikwa.
Nikaandika Faki,
na babu ambaye hakuwahi kwenda mbali kuliko Fundo
leo ana faili ughaibuni.

Lilipokuja jibu kwamba ombi la mwajiri limekubaliwa,
jirani yangu Bi Time alituma halua, bado ina moto.
Nikala kwa haya.
Vipi nimweleze kuwa kukubaliwa si kuondoka?
Nilichopewa ni tarehe,
siku lilipopokelewa jalada la kwanza, Machi ya mwaka juzi,
na kila mwezi serikali yenu hutoa jedwali:
wa kabla ya siku fulani, njooni.
Mwezi wa Juni jedwali lilisogea wiki mbili.
Julai likarudi nyuma.
Karafuu nimeziona zikirudi nyuma,
zimebakisha jua la siku moja, mvua ikazikuta majamvini, zikaota ukungu.
Tarehe, sijapata kuona.

Suwedi wangu ana miaka kumi na tisa na miezi minne.
Akipita ishirini na moja huenda akaanguka kwenye fomu yangu
kama kifungo.
Nahesabu, naanza tena kuhesabu.
Yeye haniulizi. Koti la baridi alilonunua kwenye mitumba ya Chake
limeshambana mabega, kalikunja, kaliweka juu ya kabati,
na asubuhi huenda kuchambua karafuu na baba yake.

Na Bi Lindkwisti, ambaye namjua kwa saini tu,
saini ndefu, yenye mkia,
yeye ndiye mdhamini. Akifilisika, akifunga nyumba ile,
nitaanza upya na mwingine, kama yupo.
Kwa hiyo namuuliza afya yake kila ninapoandika.
Anadhani ni adabu za Kipemba.
Ni adabu pia.

Wewe endelea hivyo hivyo, usiitake.
Mimi kila jioni nikitoka hospitali napitia kwa Bi Time.
Miguu haimtii tena. Namwosha, nambadilishia shuka,
hakuna gazeti lililoitangaza kazi hiyo
wala aliyeulizwa kwanza.
Jana akanishika mkono: "Salhina, ukenda zako,
na mimi nitawekewa tangazo?"
Nikamgeuza ubavu wa kulia.
Nikamwambia bado, tarehe haijafika.