Daftari la Birika

Vijana wa kamati wamekuja kutaka historia,
na kompyuta, na chupa ya maji baridi.
Mimi nina daftari.
Mchwa wamekula jalada
wakaishia kwenye jedwali la kuzidisha, mara saba.

Anzeni hapa, 1968.
"Songo Mnara 2, Kisiwani 2. Maji yamejaa."
Hiyo ndiyo iliyokuwa filimbi.
Uwanja ulichorwa kwa jivu maji yakipwa,
magoli boriti za mkoko,
na bahari ikianza kulamba kona ya mashariki
mpira umekwisha,
hata kama mtu kabaki yeye na kipa.
Songosongo mpaka leo wanadai goli la mwaka wa 71.
Aliyeandika kaandika:
"Limeingia likielea. Halihesabiki."

Kupiga mbizi: Chanzi Mkwanda,
tasbihi nzima na shanga kumi na moja.
Saa hatukuwa nayo.
Kuvuta kamba, wanawake: Kisiwani miaka sita
hakuna aliyewasogeza hata unyayo.
Wa saba kamba ikakatika, pande zote chali mchangani,
na karani, mtu wa haki, akaandika:
"Kamba imeshindwa."

Huu, 1979, mnaouona mweupe, si mweupe.
Inamisheni kwenye mwanga.
"Hapana michezo. Vijana wako Kagera."
Na chini majina mawili, hayana namba mbele.
Geuzeni taratibu.

1982, netiboli yaingia.
Ringi ya goli ilitoka kwenye baiskeli ya mwalimu Likwata
aliyesema ni kwa siku moja.
Mwalimu alitembea kwa miguu hadi alipohamishwa.

Kombe? Hatukuwa na kombe.
Tulikuwa na birika la bati, limebonyea ubavu,
mshindi anakaa nalo mwaka mzima
na sharti moja tu: lisikae bila chai.

Wewe wa miwani umeona. Ndiyo, nimeruka.
Haya, rudini 1973.
Sanje ya Kati, kisiwa cha kuhesabu kwa vidole,
wamefika watu kumi, wa kumi na moja ana homa.
"Songo Mnara wameazima Sanje mtu mmoja,
Shaweji Mkumbalu, mpaka magharibi.
Atarudishwa."

Akafunga. Kipa ni kaka yake wa tumbo moja.
Birika likaenda Sanje, na Shaweji akalisindikiza,
akanywe kikombe kimoja cha adabu.
Aliyemimina ni Somoe binti Ngaweje.
Mimi ni mtoto wa chai ile.

Sasa fuateni pembeni, kalamu nyekundu,
mkono wa katibu wa Songo Mnara:
74, "Mtu wetu bado."
75, "Bado."
Mwaka wa 88, "Bado, na sasa ana mbuzi."
Kila michezo wanamwita kwa kelele ng'ambo ya uwanja,
naye anajibu, magharibi haijafika.

Ilifika 2009, mwezi wa mvua.
Walikuja mashua tatu, hawakutanguliza mtu.
Wakabeba jeneza wao, hatukugusa.
Mchanga ulipokwisha kusawazishwa
katibu, mzee sasa, akaomba daftari,
akaliweka gotini, akatafuta neno "Atarudishwa".
Nikajua anakata.
Hakukata. Aliniangalia mimi.

Ndiyo maana nakaa benchi la Songo Mnara,
miaka yote hii, na jezi yao inayonibana,
na mama yangu Somoe, upande wa pili,
ananizomea kuliko wote.

Andikeni mtakavyo. Kombe jipya liko kwenye kabati la ofisi,
linang'aa, lina kamba ya rangi.
Birika? Lipo jikoni.
Msilipige picha kwanza.
Lina chai.